Alhamisi Nilizonyoa Ndevu Zisizokuwepo

Nyinyi mnaonyoa leo kwa mashine, simu imesimamishwa mbele ya kioo inapiga picha, nina swali kabla sijaanza kujisifu. Mteja wako wa wiki iliyopita, kichwa chake kina makovu mangapi? Sikuulizi jina lake wala timu anayoshabikia. Nakuuliza makovu. Kama hujui, vuta kiti ukae, maana mimi nimenyoa Mkunazini, hapa Mjini Unguja, kwa miaka thelathini na tisa, na jambo kubwa kuliko yote lililonikuta katika kazi hii lilitokana na swali hilo.

Jina langu Vuai. Mtaani wananiita Ami Vuai, hata walionizidi umri, nami nimeshachoka kuwakataza. Nimeacha kazi kwa sababu mkono wa kulia umeanza kutetemeka. Mtu wa mkono unaotetemeka anaweza kuuza juisi ya miwa, anaweza kusomesha chuoni, anaweza hata kugombea uwakilishi, lakini hawezi kuweka wembe kwenye koo la mtu.

Na huyu nitakayemueleza nimempa jina la Kheri. Silo lake. Nilikwenda kumuomba ruhusa, akafikiri, akasema, "Waeleze, Ami, huenda ikamfaa mtu. Ila uso wangu usiutie." Kwa hiyo uso wake sitauelezea, ingawa ndio uso ninaoujua kuliko wangu mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Maalim Silima, kinyozi mfupi mwenye sauti kubwa kuliko duka lake. Miezi mitatu ya mwanzo hakunishikisha wembe. Alinikalisha kwenye benchi nimpe mgongo, yeye ananyoa, mimi nasikiliza. "Haya, Vuai, huyu wa siku ngapi?" Nami nijibu: huyu wa siku mbili, huyu wa siku nne, huyu ana kidevu tu, mashavuni hamna kitu. Ndevu za siku mbili zikikutana na wembe hutoa sauti ya mtu anayepara samaki. Za siku tano zina sauti nyengine, nzito. Na uso wa kijana asiyeota ndevu hausemi chochote. Maalim akisema jicho la kinyozi ni la kumtazama mteja asiondoke, lakini kazi inafanywa na sikio. Nilidhani ananichelewesha tu ili asipate mpinzani.

Msidhani nilizaliwa najua. Bwana harusi wangu wa kwanza nilikuwa nampunguza sharubu nyumbani kwao, watu wamejaa ukumbini, mara akapiga chafya. Upande mmoja wa sharubu ukaondoka. Nilitamani nitokee dirishani. Maalim Silima akaja, akatazama, akachukua wembe kimya kimya akaondoa na upande wa pili, kisha akatangaza kwa ile sauti yake, "Haya, ndivyo alivyotaka bibi harusi!" Vigelegele vikapigwa. Yule bwana hakufuga sharubu tena maisha yake yote, maana mkewe kweli alipendezewa.

Nilipoanza, wembe mmoja wa kukunja ulihudumia mtaa mzima, unaunoa kwenye kigozi, unauchovya kwenye maji ya moto, unamwita mwengine. Baadaye maradhi yakatufundisha adabu, tukaanza kuvunja viwembe vyembamba vya kufungwa kwa karatasi nusu kwa nusu, kila mteja na nusu yake, anaiona ikitupwa. Kisha zikaja mashine zenu. Nilinunua moja, sikuipenda. Inanguruma, humsikii mteja wala ndevu zake. Lakini vijana wakiitaka, kwa hiyo nilikuwa nayo, vichwa nikanyoa kwa mashine na ndevu kwa wembe mpaka siku ya mwisho.

Sasa Kheri. Kazi yake fundi chokaa, wale wanaokandika kuta za nyumba kongwe za Mjini. Lakini ukimuuliza mwenyewe angekwambia yeye ni golikipa, chokaa ni cha kupitishia wakati. Akija kwangu kila Alhamisi alasiri, apate kuwa safi kwa Ijumaa. Ndevu zake zilikuwa mashuhuri dukani. Nusu kiwembe haikumtosha, lazima nimvunjie na ya pili. Siku ya harusi yake nilitumia tatu, na shangazi zake mlangoni wakicheka kuwa Bi Zuhura, yaani bibi harusi, atachubuka. Bi Zuhura ni mtoto wa Mangapwani, na baba yake amekwisha kufa, kwa hiyo aliyemuozesha ni kaka yake, Ame. Mkumbukeni huyo Ame.

Golikipa mzuri ni mtu asiyejihurumia. Kovu lake la kwanza lilikuwa nyuma ya sikio la kulia. Alijitupa miguuni mwa mshambuliaji, goti likampata. La pili utosini, walipogongana na beki wake mwenyewe mazoezini. Hayo yote nilikuwa nayazunguka kwa mkasi kila mwezi, maana, kama mnavyojua, kovu likinyolewa kwa pupa linafunguka. Mara ya tatu walikwenda kucheza Makunduchi. Aliruka kutoa mpira wa pembeni, akaangukia mlingoti wa goli kwa kisogo. Alizimia. Wakammwagia maji, wakampa ya sukari, akainuka, akamaliza mchezo.

Alhamisi yake alikuja ana nundu kisogoni ya kutosha kutundikia kofia. Duka limejaa.

"Ami, nasikia nilidaka penalti," aliniambia.

"Unasikia? Kwani hukuwepo?"

"Nilikuwepo, wanasema. Mie sikumbuki kitu baada ya mapumziko."

Tulicheka sote mpaka mmoja akamwaga kahawa. Nami nilicheka huku nikipitisha mkasi kandokando ya ile nundu. Nakutajieni hili mapema mjue kuwa nilikuwepo, niliona, na nilicheka.

Zikapita wiki, ikapita miezi. Kilichoanza kunishughulisha ni sauti. Alhamisi moja nilimnyoa Kheri, nikamaliza, nikaona kile kipande cha pili cha kiwembe bado kimo kwenye karatasi yake. Nikasema labda viwembe vya siku hizi vimekuwa vikali. Wiki ya pili vilevile. Nikabadilisha sabuni, nikarudia ile ya zamani. Nikabadilisha hata kiti, nikidhani mwangaza unanihadaa. Lakini sikio halihitaji mwangaza. Ndevu za Kheri zilizokuwa zikipiga kelele zilikuwa zinanong'ona, na kila Alhamisi zinanong'ona zaidi.

Mimi ni mtu wa kuchunguza, mke wangu anaita udaku. Nilijiambia hii ni chokaa. Mtu anashinda na chokaa usoni miaka, lazima imuunguze mizizi ya nywele. Nikamuamuru ajifunge kitambaa kazini na aoshe uso kwa ndimu. Akaosha, maskini, ngozi ikamuwasha wiki nzima. Kisha akaja fundi mwenzake, chokaa mpaka kwenye kope, nikamnyoa, ndevu kama brashi ya kusugulia mitungi. Chokaa haikuwa na hatia. Nikayageukia mafuta anayopaka, hata maji ya bomba la mtaani kwake, na kila mara nikapata mtu mwengine anayetumia vilevile na ndevu zake zimejaa tele.

Yapo na mengine niliyoyaona nisiyaunganishe. Jua la Kaskazi linatutoa jasho sote, yeye ananiomba nizime feni. Alikuwa akilala kitini kabla sijamaliza kupaka povu, yeye aliyekuwa hanyamazi. Kiuno kilinenepa, mikono ikasinyaa, na pembeni mwa macho akapata mikunjo midogo midogo ya mtu mzima sana, na hajafika hata thelathini. Timuni wakamuweka benchi, wakasema harusi imemlegeza.

Hapa ndipo penye kosa langu, na ni kosa la vinyozi, kwa hiyo sikilizeni. Duka la kinyozi linaishi kwa utani. Mteja haji kunyolewa tu, anakuja kucheka. Alhamisi moja duka limefurika, Kheri akakaa kitini, nikampaka povu, nikapitisha wembe, hamna kitu. Nikaunyanyua wembe juu kila mtu auone ulivyo safi, nikasema, "Jamani, Kheri leo kaniletea kivuli nikinyoe!"

Walicheka. Mmoja akaongeza, "Basi mtafutie buibui!" Wakacheka zaidi. Kheri naye alicheka, au alionyesha meno. Nilipomfuta uso niliona masikio yake yamekuwa mekundu. Akaaga, "Asante, Ami," akatoka. Alhamisi ya pili hakuja. Wala ya tatu. Wala hakuja tena.

Maneno yale yalitembea kuliko nilivyodhani. Vibarazani wakaanza kumwita Kivuli. Uwanjani wakamwita Kivuli. Mimi ndiye niliyemtungia hilo jina, mtu mzima na mvi zangu, na bado kila Alhamisi nilikuwa naangalia mlango nikijiuliza kwa nini haji.

Baada ya Idi Kubwa, asubuhi, mwanamke alisimama mlangoni. Mnajua wenyewe, mwanamke akisimama kwenye mlango wa kinyozi, kila mtu ananyamaza kama kaingia mwalimu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sikai. Mie Zuhura, mke wa Kheri."

Wateja wawili niliokuwa nao waliona ghafla wana shughuli nje. Nilimpa benchi, akakataa, akasema akiwa amesimama vilevile, haraka haraka, kama mtu aliyeyapanga maneno njia nzima.

"Mume wangu mgonjwa. Nshampeleka kupima malaria, nshampeleka kupima sukari, wamempa vitamini, wamempa nasaha. Hakuna kilichofaa. Kaka yangu Ame kasikia maneno ya mjini, kasema amemuozesha dada yake kwa mume, hakumuozesha kwa kivuli. Kanipa mpaka Shaabani iishe. Kama Kheri yu vivi hivi, atakuja kunichukua kabla ya Ramadhani, na kesi ya talaka ataisimamia mwenyewe kwa kadhi."

"Na weye unataka kwenda?"

"Ningetaka kwenda ningekuja hapa?" Akasogea hatua moja ndani. "Ami, nimepata daktari, kaniuliza mume wangu kaanza lini. Mie sijui. Nimeolewa naye tu, nnamuona kila siku, sikuona siku ya kuanza. Weye ulikuwa unamuona mara moja kwa wiki. Nambie, lini?"

Nilijua. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, kwa sababu jibu lilikuwa kichwani mwangu muda wote na nilikuwa nimelitumia kuchekeshea watu. Nilianza kuhesabu nyuma kwa Alhamisi. Alhamisi ya kivuli. Kabla yake Alhamisi za nusu kiwembe. Kabla yake Alhamisi ya mwisho aliyohitaji nusu mbili, na siku ile kisogo chake kilikuwa na nundu.

"Makunduchi," nikamwambia. "Baada ya Makunduchi."

Nilifunga duka mchana, jambo ambalo sijalifanya ila kwa mazishi, nikamfuata Kheri nyumbani. Nilimkuta amekaa ukumbini na sweta, mchana kweupe. Nilimwambia, "Mwanangu, nimekukosea mbele za watu. Nnataka kurudi kwa watu walewale niseme nimekukosea, na niseme weye ni mgonjwa."

Alitikisa kichwa. "Usinitetee, Ami. Ukinitetea itabidi uwaeleze. Na ukiwaeleza ntakuwa na jina jengine, refu zaidi."

Nilikuwa nimezoea kuwa kila kitu kinatengenezwa kwa maneno, na hili maneno ndiyo yaliyolivunja. Nikamuomba basi kitu kimoja, tufuatane kwa daktari. Alikubali kwa sababu ya Zuhura, si kwa sababu yangu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Daktari Raya, ana miwani anaisukuma juu kila akiuliza. Akatutazama watatu. "Na mzee ni baba?"

"Mimi kinyozi wake."

Alicheka kidogo, akaomba radhi, kisha akaendelea na maswali yake. Unachoka? Unasikia baridi? Ukisimama ghafla unaona kizunguzungu? Nguvu za kiume? Hapo nilitazama dari kwa makini sana. Kisha akauliza, "Umewahi kuumia kichwa?"

"Hapana," alisema Kheri.

Wallahi alisema hapana, na hakuwa anadanganya. Kwa golikipa kuumia ni kuvunjika mguu. Kugongwa kichwa ukainuka ni mchezo.

"Mara tatu," nikasema. Nikasimama, nikamshika Kheri kichwa kama ninavyomshika kitini, nikagawanya nywele kwa vidole. "Hili la goti. Hili la beki. Hapa palikuwa na nundu, sasa huioni, lakini weka kidole, utahisi mfupa umeinuka. Siku hiyo alizimia na nusu ya mchezo haikumbuki."

Daktari aliacha kuandika. Alikuja akaweka kidole. Kisha akageuka, akaniuliza mimi, si Kheri, tena kwa hamu ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta: kabla ya hapo ndevu zake zilichukua siku ngapi kuota? Zilianza kupungua mashavuni au kidevuni? Zilipungua ghafla au pole pole? Za mwisho kukoma zipi? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maswali ya kazi yangu namna ile. Nilimjibu yote, akaandika yote, na mimi nikamuuliza langu lililonikosesha raha mwaka mzima. Kisogo kinahusu nini na ndevu?

Akachora kwenye karatasi. Chini ya ubongo, nyuma ya pua ndani kabisa, kuna tezi ndogo, ukubwa wa punje ya kunde, inaning'inia kwenye kikonyo chembamba. Hiyo ndiyo inayoziamrisha tezi nyengine mwilini zitoe homoni: ya shingoni inayotupa joto, zilizo juu ya figo, na zile za uanaume. Kichwa kikipigwa kwa nguvu ubongo unatikisika, na kikonyo kile kinaweza kuumia, au damu isiifikie kunde vizuri. Mtu anainuka, anacheza, anadaka penalti. Kunde inaanza kunyamaza baadaye, pengine baada ya wiki, pengine miezi, amri moja baada ya nyengine. Kwa hiyo watu wanaona uvivu, wanaona uzee, wanaona mume baridi. Alisema si kila anayegongwa yatamkuta haya, na si kila ndevu zinazopungua zina sababu hii, ndiyo maana lazima kupima.

Damu Kheri aliitoa asubuhi mapema, maana daktari alisema zipo homoni zinazopanda asubuhi na kushuka jioni, ukipima alasiri unajidanganya. Kichwa kilipigwa picha. Majibu mengine yalitoka bara. Tuliporudi kuyasikia, Daktari Raya alikuwa hana tena ule mcheko. Homoni tatu zilikuwa chini, na moja katika hizo ni ile inayomsimamisha mtu akipatwa na homa au jeraha. "Ungeugua homa kali kabla hatujajua hili," alimwambia Kheri, "ungeweza kutuondokea, na watu wangesema ni homa tu." Zuhura alimshika mkono mumewe mbele yangu na mbele ya daktari, hakuona haya.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu siku ile. Nilikuwa nafikiria kiti changu, na Kheri amelala ndani yake mchana wa jua kali, feni imezimwa, nami natafuta neno la kuchekesha.

Wakampa vidonge vya kila siku na sindano za kila baada ya wiki kadhaa, na karatasi ya kutembea nayo mfukoni inayosema ana nini, na masharti: akiugua aongeze dawa, na asifunge Ramadhani kabla ya kushauriana na daktari. Vile vidonge vilifanya kazi upesi. Katika wiki chache sweta lilivuliwa, akarudi kwenye chokaa, akarudi kusema sana. Ndevu ndizo zilizokuwa hazina haraka. Daktari alisema miezi mingi, pengine mwaka.

Siku moja alinijia kabla sijafungua duka.

"Ami, nnataka kurudi kitini."

"Kiti chako kile."

"Na watu? Wataona hamna cha kunyoa."

"Wataona unanyolewa," nikamwambia.

Basi hiyo ndiyo toba yangu, vijana, na sijui kama ipo katika vitabu vya kazi yetu. Kila Alhamisi alasiri, duka limejaa, Kheri alikaa kitini nikamnyoa ndevu zisizokuwepo. Maji ya moto. Taulo. Povu zito mpaka machoni. Nusu kiwembe mpya, niliivunja waisikie. Kisha nikapita shavu la kulia, shavu la kushoto, chini ya kidevu, juu ya mdomo, mkono mwepesi kabisa, wembe unaelea kwenye povu tu, na kila mara naufuta kwenye karatasi na kuikunja upesi. Kwa ajili ya sauti nilikuwa nakwaruza kigozi kwa ukucha wa mkono wa kushoto. Nikamaliza, nikampaka shabu ya kuzuia damu kama kawaida ya mtu aliyenyolewa, akakunja uso kama kawaida ya mtu inayemuuma. Siku ya kwanza mmoja alifungua mdomo, "Ee, Kivuli…" Nikamtazama kwenye kioo. Nilikuwa na wembe mkononi, na yeye ndiye anayefuata. Akanyamaza, na jina lile likaanza kufa dukani kwangu, pale pale nilipolizaa.

Ame aliambiwa na dada yake kuwa Kheri yuko kwenye matibabu. Zaidi ya hapo Kheri alikataa asiambiwe, akisema akijua Ame imejua Mangapwani nzima. Kwa hiyo Ame hakuamini, na Shaabani ikaingia, ikawa inakwisha.

Alhamisi ya mwisho, siku ya vunja jungu, kila nyumba inapika chakula cha kuiaga miezi ya kula mchana. Alasiri akaingia mtu mrefu wa shamba, kanzu safi, kofia mpya. Alitusalimia, akakaa kwenye benchi karibu na mlango. Sikumjua. Kheri kitini akaninong'onezea, midomo haitikisiki, "Ami, shemegi yangu huyo."

Alikuwa amekuja kumchukua dada yake, na alitaka kumuona mume kwa macho yake kwanza. Na mimi nimeshika wembe wa uongo.

Nilipaka povu. Mkono ulikuwa umeshaanza kunitetemeka siku hizo. Nikasema nitafanya kama Alhamisi zote, upesi, na Mungu atusitiri. Nikauweka wembe shavuni mwa Kheri, mwepesi, kama nilivyozoea kuupitisha pasipo na kitu. Ukakwama.

Nilidhani ni kigozi, nikatazama mkono wangu wa kushoto, ulikuwa haujagusa chochote. Nikapitisha tena. Nikaisikia. Sauti ya mtu anayepara samaki, ndogo, lakini ni hiyo hiyo, na wembe niliokuwa nikiupitisha juu ya povu tu kwa wiki hizo zote haukuwa umejiandaa kwa ndevu, ukateleza kando, ukamkata. Damu ikatoka kwenye povu jeupe.

Miaka thelathini na tisa, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilimkata mteja. Nilisimama pale machozi yananitoka, sikujali nani ananiona. Ame aliinuka kwenye benchi, akaja. Aliichukua ile karatasi ninayofutia wembe, akaifunua, akaipeleka kwenye mwangaza wa mlango. Nywele nyeusi ndani ya povu, fupi, ngumu. Akazitazama kwa muda, akaikunja karatasi akanirudishia.

"Shemegi," alimwambia Kheri, "Zuhura kapika nini leo?"

"Biriani."

"Basi ntakula kwenu, kisha nirudi shamba. Watoto wananingoja."

Kheri alikuwa hamsikilizi vizuri. Alikuwa amejisogeza mbele kwenye kioo, amejigusa shavu, anaangalia damu kwenye kidole chake, anaigeuza huku na huku.

"Ami," alisema, "umenikata."

"Nimekukata, mwanangu," nikamwambia. "Alhamdulillahi."